Mkanda wa kahawia umerudishwa kuwa mweupe baada ya kuhamia klabu nyingine: daraja la mkanda lina uzito gani?

MamaYusra

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba msaada wa wale wenye uzoefu wa karate au michezo mingine ya mapigano, kwa kuwa jambo hili limeleta mvutano nyumbani nami sina utaalamu wa kuliamua.

Binti yangu ana umri wa miaka 14. Alianza karate ya Shotokan tulipokuwa Morogoro na akapanda hadi mkanda wa kahawia. Kila daraja alilifanyia mtihani, na vyeti vyake vyote ninavyo, vikiwa na muhuri na sahihi ya mwalimu wake. Mwaka huu tumehamia Dar es Salaam kwa sababu za kikazi, na klabu iliyo karibu nasi inafundisha Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate. Siku ya kwanza mwalimu alivitazama vyeti kimoja kimoja, akamwomba binti aonyeshe kata moja, yaani mfuatano uliopangwa wa mapigo na kujikinga, akampongeza, kisha akatuambia kwamba kuanzia darasa linalofuata avae mkanda mweupe na asimame mstari wa nyuma pamoja na wanaoanza. Hakuyasema hayo kwa dharau, lakini mtoto alirudi nyumbani analia, na sasa anadai kwamba karate basi.

Ningependa kujua kama kuna chombo chochote duniani kinachosimamia mikanda hii, ambacho ningeweza kukipelekea vyeti vyetu. Ningependa pia kujua kama ada za mitihani nilizokuwa nikilipa zimekwenda bure. Vilevile, mtaa wa pili kuna klabu ambayo mtoto wa darasa la tatu amevaa mkanda mweusi. Inakuwaje huyo awe juu na wangu arudishwe chini? Kama mwalimu wetu mpya ana haki ya kufanya alivyofanya, naomba nielezwe haki hiyo inatoka wapi.

Fundi wa Kata

Mama Yusra, pole kwa yaliyowakuta. Mimi ni mwalimu wa Goju-ryu, ingawa si huyo aliyewapokea, na nitajitahidi kukujibu bila kumtetea mtu.

Nianze na chombo cha dunia, kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba mengine yote. Hakipo. Lipo Shirikisho la Karate Duniani, lakini kazi yake kubwa ni mashindano, na hata huko utaona jambo la kushangaza: washindani wawili wanapoingia uwanjani, kila mmoja huiacha kando mikanda ya daraja lake, mmoja akafunga mwekundu na mwingine wa buluu, ili mwamuzi awatofautishe. Mwamuzi hamuulizi mtu ana dani ngapi, yaani madaraja ya mkanda mweusi. Madaraja yenyewe hutolewa na vyama vya mitindo, na vyama hivyo ni vingi mno. Shotokan peke yake ina vyama kadhaa vya kimataifa, kikiwamo kile kilichoanzishwa Japani mwaka 1949, na kila kimoja kina mtaala wake, watahini wake na vyeti vyake. Goju-ryu nayo ina vyake. Kwa hiyo cheti cha binti yako ni kauli ya kweli ya chama kilichokitoa, kwamba msichana huyu amefikia hatua hii katika mambo tunayofundisha sisi. Hakisemi lolote kuhusu mambo ambayo chama hicho hakifundishi.

Watu wengi hudhani kwamba mikanda ni urithi wa kale, na kuna hadithi inayorudiwa sana eti zamani mwanafunzi hakuufua mkanda wake, ukawa mweusi kwa jasho na vumbi. Hadithi hiyo haina msingi. Utaratibu wa dani ulichukuliwa kutoka mchezo wa ubaoni uitwao Go, kama ulivyochezwa Japani, ambako wachezaji walikuwa wakipangwa kwa dani tangu karne ya 17. Aliyeuleta kwenye michezo ya mapigano ni Jigoro Kano, mwasisi wa judo. Alikuwa mwalimu wa shule kwa taaluma, na alitaka kijana aone anakoelekea badala ya kusubiri miaka mingi apewe hati ya siri ya ukoo, kama ilivyokuwa desturi ya shule za zamani za jujutsu, mapigano ya jadi ya Kijapani ambamo judo ilitoka. Alianzisha Kodokan, shule yake ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882, mwaka 1883 akawapa wanafunzi wake wawili dani ya kwanza, na takriban mwaka 1886 wenye dani wakaanza kufunga mkanda mweusi. Mwanzoni palikuwa na mikanda myeupe na myeusi tu. Hizi rangi za katikati zilishamiri Ulaya, London katika miaka ya 1920 na Paris katika miaka ya 1930, ambako mwalimu wa judo Mikinosuke Kawaishi alizitumia kuwapa Wafaransa hatua fupifupi za kufikia.

Karate iliazima utaratibu huo baadaye. Gichin Funakoshi alitoka Okinawa kwenda Tokyo mwaka 1922, akapokewa vizuri na Kano, na mwaka 1924 akatoa dani za kwanza kabisa za karate kwa wanafunzi wake saba. Funakoshi ndiye chimbuko la Shotokan ya binti yako. Sasa angalia upande wa pili: Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, aliyefariki mwaka 1953, hakuwapa wanafunzi wake dani. Mtindo ambao leo unamvua binti yako mkanda wa kahawia ulianzishwa na mtu ambaye, kwa mizani ya leo, hakuacha mwanafunzi hata mmoja mwenye mkanda mweusi aliopewa kwa mkono wake. Waliopanga madaraja ni waliomfuata.

Nije kwenye darasa lenyewe, maana hapo ndipo utakapoona kwa nini mwalimu aliamua vile. Msichana wa Shotokan mwenye mkanda wa kahawia amezoea kusimama chini, goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka, na hatua ni ndefu. Kwetu atakutana na msimamo wa Sanchin: hatua fupi, vidole vya miguu vimeelekea ndani, makalio yamebanwa, na pumzi inasikika ikiingia na kutoka pamoja na kila ngumi. Mwalimu hupita akimgonga mabega na mapaja kuona kama mwili umeshikamana. Mwenzake wa Goju mwenye rangi ileile ya kahawia amefanya zoezi hilo tangu wiki za mwanzo, na sasa yuko kwenye kata ya Seienchin na kwenye zoezi la kusukumana mikono na mwenzake, mkono juu ya mkono, bila kuachiana. Ukimsimamisha binti kwenye mstari huo kwa sababu ya rangi tu, ama ataaibika mbele ya wenzake, ama ataumia. Kwenye darasa la watu 30 mwalimu hana nafasi ya kukumbuka historia ya kila mmoja. Hutupa jicho kiunoni na kuamua nani apangwe na nani.

Hata hivyo, nina la kumlaumu mwenzangu. Mkanda mweupe haukuwa njia pekee. Wapo walimu, nami ni mmojawapo, ambao humwachia mgeni mkanda wake kwa kipindi fulani, wakamweka mwisho wa mstari wa rangi yake, kisha wakamtahini na kumpa daraja linalomfaa. Mtu mwenye miguu iliyokwisha kufunzwa hawezi kulingana na aliyeingia jana, na mtoto wa miaka 14 alistahili kuelezwa hayo kabla ya kupewa mkanda mwingine.

Bondia Mstaafu

Mimi nitasema kwa ufupi. Nimepigana ngumi za ridhaa kwa miaka mingi na sijawahi kufunga kitambaa cha rangi kuonyesha kwamba najua. Bondia anajulikana kwa rekodi yake: amepigana mara ngapi, na nani, akashinda vipi. Mieleka ni hivyo hivyo, na Muay Thai ya Thailand kwa asili yake haina ngazi za mikanda. Hii mikanda ya rangi ni biashara, Mama Yusra. Kila miezi mitatu mtihani, kila mtihani ada, kila ada cheti, na mkanda wenyewe unauziwa juu yake. Klabu mpya inamrudisha mtoto chini ili uanze kulipa upya kutoka mwanzo. Fanya hesabu ya rangi zilizopo kati ya mweupe na kahawia, uzidishe kwa ada, utaelewa.

Fundi wa Kata

Ndugu Bondia, hesabu yako inaweza kuwa sahihi kwa baadhi ya klabu, na sitakataa kwamba nimeziona. Ila rekodi ya ulingoni humfaa anayepigana. Katika darasa langu wamo mama wa miaka 50, mtoto wa miaka 8 na kijana mwenye goti bovu, na hakuna hata mmoja kati yao atakayepanda ulingoni. Nao wanahitaji kujua wamefika wapi. Katika mtihani mimi hutazama mambo ambayo bondia angeyaelewa bila shida: mkono usiopiga unarudi kiunoni au unaning'inia, kisigino cha nyuma kinanyanyuka ngumi inapotoka, macho yanatangulia kabla ya mwili kugeuka, na kubwa zaidi, vyote hivyo vinabakia vipi baada ya saa nzima, mtahiniwa akiwa amechoka na shati limemganda mgongoni. Mtihani ambao hakuna anayeufeli huo ndio wa kutiliwa shaka, hata ukiwa wa bure.

Mjudo wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mimi ni mchezaji wa judo hapa Unguja, na ningependa kuongeza upande ambao haujaguswa.

Kwetu daraja linaweza kupatikana kwa njia mbili kwa pamoja, yaani ujuzi wa mbinu na matokeo ya kupambana. Pale Kodokan kuna pambano la zamani la wekundu dhidi ya weupe, ambamo mshindi hubaki mkekani akamkabili anayefuata, na anayewaangusha wapinzani wa kutosha mfululizo anaweza kupandishwa daraja palepale, siku hiyohiyo. Ndiyo maana mjudo akihamia klabu nyingine kwa kawaida hubaki na mkanda wake. Ndani ya dakika tano za kushikana, kila mtu atakuwa amejua. Karate haina bahati hiyo, kwa sababu tofauti za mitindo ni kubwa, na ngumi inayozuiliwa kabla ya kufika haielezi mengi kama mtu aliyelala chali.

Hata hivyo judo nayo haikuwa na uadilifu siku zote, na kwa kuwa tunazungumzia binti, nitamtaja Keiko Fukuda. Babu yake alikuwa mmoja wa walimu wa jujutsu waliomfundisha Kano, na yeye mwenyewe aliingia sehemu ya wanawake ya Kodokan akiwa kijana. Alipata dani ya tano mwaka 1953, kisha akakaa hapo takriban miaka 20, kwa sababu tu wanawake hawakuruhusiwa kuvuka daraja hilo. Ujuzi wake haukusimama kwa miaka yote hiyo. Alikuwa akifundisha, akisafiri na kuhamia Marekani. Kizuizi kilipoondolewa mwaka 1972 akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa dani ya sita, na mwaka 2006 Kodokan ikampa ya tisa. Kwa hiyo mkanda unaweza kueleza uwezo wa mtu, na unaweza pia kueleza waliokaa kwenye kamati. Mwambie Yusra ausome mkasa huo kabla hajaamua kwamba mwalimu mmoja amemwondolea alichokijua.

Maskati77

Salamu kutoka Maskati. Hapa ninafanya jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo ambao umeenea sana Ghuba, na Abu Dhabi umeingizwa hadi mashuleni.

Nitamjibu mama kuhusu yule mtoto wa darasa la tatu, kwa sababu wengine mmempita. Michezo kadhaa imetenganisha kabisa mikanda ya watoto na ya watu wazima. Katika jiu-jitsu yetu watoto wana kijivu, njano, chungwa na kijani. Mkanda wa buluu, ambao ni wa kwanza wa watu wazima baada ya mweupe, hautolewi chini ya miaka 16, na mweusi chini ya miaka 19 haupatikani kwa kanuni za shirikisho kubwa la mchezo huu. Wengi huchukua takriban miaka kumi kuufikia. Katika taekwondo, makao yake makuu ya Kukkiwon mjini Seoul humpa mtoto aliye chini ya miaka 15 daraja liitwalo poom badala ya dani, na mkanda wake huwa nusu mwekundu, nusu mweusi, ili mtu yeyote aone kwamba huyu bado ni mtoto. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa miaka tisa amefunga mweusi mtupu, waulize klabu hiyo ni chama gani kilichoutoa na kwa kanuni gani ya umri. Huenda wana jibu zuri. Mimi binafsi nisingempeleka mwanangu hapo kabla ya kulisikia.

Jambo jingine ni kwamba kwetu mtihani rasmi haupo katika klabu nyingi. Mwalimu hukutazama kwa miaka, na siku moja baada ya mazoezi anakuita mbele na kukufunga mkanda mpya bila taarifa. Ndugu Bondia angefurahi kwamba hakuna ada hapo. Ila utaratibu huo nao una kasoro yake: mwalimu akiwa na kinyongo nawe, huna karatasi ya alama ya kumwonyesha mtu.

Bondia Mstaafu

Hapo kwa poom na mikanda ya watoto nimejifunza kitu. La ada silirudishi nyuma.

MamaYusra

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na mwalimu mwenyewe leo jioni, nikiwa na maswali yaliyotokana na maelezo yenu. Anasema hatamlipisha mtihani wa kila rangi aliyokwisha kuipita. Atamwacha na mkanda mweupe hadi mwisho wa muhula wa shule, kisha atamtahini mara moja na kumweka anapostahili, na anakadiria kwamba itakuwa kijani au juu zaidi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu siku ya kwanza, alijibu kwamba alidhani tunajua. Nilimwambia kwamba hatukujua, na kwamba aliyepaswa kuelezwa ni mtoto. Amekubali kuzungumza naye.

Yusra amesikiliza, na amekubali kurudi kwa sharti moja, kwamba Jumamosi nimruhusu aende klabu ya Shotokan iliyoko Kinondoni, akafunge kahawia yake huko na kuendelea na kata ya Bassai Dai aliyokuwa akiiandaa. Ni daladala mbili, lakini nauli nitaimudu. Fundi, je, kufanya mitindo miwili kwa pamoja kutamdhuru?

Fundi wa Kata

Hakutamdhuru mwili, Mama Yusra, ila kutamchelewesha mtihani wa huku. Miguu ndiyo itakayochanganyikiwa: Jumamosi atashuka chini kwa hatua ndefu, Jumatatu ataambiwa afupishe na kugeuza vidole ndani, na mwezi wa kwanza atafanya vyote nusunusu. Ushauri wangu ni kwamba hadi huo mtihani wa mwisho wa muhula afanye Sanchin kila siku nyumbani, dakika chache tu, miguu mitupu sakafuni, na Bassai Dai aipitie mara moja kwa wiki asije akaisahau. Huko Kinondoni aende, lakini kwanza walimu wote wawili waambiwe. Hilo la kuwaambia ulifanye wewe mwenyewe kabla ya Jumamosi ya kwanza, kwa sababu wapo walimu wanaokwazika sana wakilisikia kwa watu wengine, na wa kwenu nisingependa kumjaribu mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Vyeti vya Morogoro vitunze pamoja na nakala zake. Akiendelea na Shotokan, ndivyo atakavyodaiwa siku atakapoomba kutahiniwa dani ya kwanza, na chama kilichovitoa kikibadilisha uongozi, kupata vingine kunaweza kuwa kazi kubwa.